Fomu 46,229 Mezani: Tathmini ya Tovuti ya Matokeo ya Kura za Urais Nchini Kenya

Tovuti ya fomu za matokeo ambayo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya, IEBC, iliwafungulia wananchi katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022 ndiyo huduma bora zaidi ya uchaguzi ambayo mpiga kura wa kawaida wa eneo letu amewahi kuwekewa mkononi, na ni huduma iliyoachwa nusu. Ilimpa kila mwenye simu na bando picha ya karatasi ya matokeo ya urais kutoka vituo vya kupigia kura nchi nzima, vituo 46,229 kwa jumla, bila kumdai jina, nenosiri wala ada. Jambo ambalo haikumpa ni hesabu ya jumla ya karatasi hizo. Nimeona niitathmini sasa, wakati tume mpya iliyo chini ya Erastus Ethekon inajiandaa kwa uchaguzi wa Agosti 2027, kwa kuwa mjadala mwingi kuhusu tume hiyo huishia kwenye majina ya makamishna na nani kawateua, ilhali chombo kilichobadilisha siasa za Kenya kuliko kamishna yeyote ni ukurasa huu wa intaneti usio na madoido.

Kwa upande wa matumizi, haikuwa na ugumu wowote wa maana. Ukurasa wa kwanza uliorodhesha kaunti 47, na wapiga kura walio ng'ambo na walio magerezani wakawekwa peke yao baada ya hizo. Ukigusa kaunti unapata maeneo bunge, ukigusa eneo bunge unapata wadi, ukigusa wadi yanakuja majina ya mahali pa kupigia kura, ambayo kwa sehemu kubwa ni majina ya shule za msingi, na kila mahali pamegawanywa mikondo kwa kuwa sheria hairuhusu wapiga kura zaidi ya 700 katika kituo kimoja, hivyo kila mkondo huhesabiwa kuwa kituo na huwa na fomu yake. Hesabu ya fomu zilizokwisha kufika kati ya zinazotarajiwa ilionekana wazi na ilisonga mbele saa baada ya saa. Kabla ya siku moja kutimia tangu vituo vifungwe, zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa zimeingia. Mtu wa Likoni aliyepiga kura yake asubuhi aliweza usiku huohuo kuifungua fomu ya mkondo wake na kesho yake kuilinganisha na nakala iliyobandikwa mlangoni mwa shule, maana kanuni zinamtaka msimamizi wa kituo aibandike pale watu watakapoiona.

Fomu hiyo, ambayo ni Fomu 34A, inastahili kutazamwa bila haraka. Juu kabisa pana jina la kituo, wadi, eneo bunge na kaunti. Chini yake pana jedwali la wagombea na idadi ya kura halali za kila mmoja. Mwaka ule walikuwa wanne, William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure Waihiga. Kisha unafuata mstari wa idadi ya waliojiandikisha katika kituo hicho, wa kura zilizokataliwa, wa zilizokataliwa lakini wakala akapinga, wa zenye mgogoro, na mwisho jumla ya kura halali. Baada ya hapo msimamizi wa kituo na naibu wake wanatia sahihi, nao mawakala wa vyama wanaandika majina yao na kutia zao, na pameachwa nafasi ya wakala kueleza kwa nini amekataa kutia sahihi. Picha nyingi zilipigwa ndani ya darasa usiku na watu waliokuwa wamesimama tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na uchovu huo unaonekana: karatasi imelala upande, kivuli cha mkono kimepita juu ya tarakimu, saba imekatwa kwa mstari ikaandikwa tisa na sahihi ndogo pembeni. Ninaposema huduma hii ina thamani, nasema hasa kuhusu hati hizo za mkono. Mtu akitazama tarakimu iliyorekebishwa mbele ya mawakala waliotia sahihi anaelewa jinsi kura zinavyohesabiwa kuliko atakavyoelewa kwa kutazama michoro ya rangi kwenye televisheni.

Ubora wa tovuti ya 2022 hauonekani vizuri mpaka mtu akumbuke mambo yalivyokuwa miaka mitano nyuma yake. Mwezi Agosti 2017 takwimu za wagombea zilianza kumiminika kwenye skrini za ukumbi wa Bomas of Kenya, kituo kikuu cha kujumlishia kura, na kwenye televisheni mara tu vituo vilipofungwa, zikionyesha Uhuru Kenyatta akiongoza kwa pengo ambalo halikutikisika usiku kucha, huku fomu zinazopaswa kuzithibitisha takwimu hizo zikiwa hazijafika. Tume ilikuwa imetangaza mapema kwamba vituo zaidi ya 11,000 havikuwa na mtandao wa 3G. Mshindi alitangazwa tarehe 11 Agosti kabla fomu zote za vituo hazijapatikana kwa umma, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu mawakili wa tume walidai kwamba zile tarakimu za kwenye skrini zilikuwa takwimu tu, hazikuwa matokeo. Mahakama iliamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, amri ambayo haikutekelezwa ipasavyo, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba ulisusiwa na Raila, na waliojitokeza hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha.

Kwa ufupi, mwaka 2017 wananchi walipewa jumla bila ushahidi, na mwaka 2022 wakapewa ushahidi bila jumla. Mageuzi hayo hayakuletwa na ukarimu wa mtu. Sheria ya Uchaguzi, katika kifungu cha 39 kama kilivyorekebishwa 2016, ilikwisha kuitaka tume ichapishe fomu za vituo kwenye tovuti ya umma, na mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kule chini ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Nyuma zaidi kuna yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ikakuta hesabu zilizovurugika kiasi kwamba haikuwezekana kusema nani alishinda, na kwamba kura zilijazwa katika ngome za pande zote mbili. Katika fomu ya sasa idadi ya waliojiandikisha imeandikwa hapohapo na idadi ya kura. Kituo ambacho kura zinazidi watu kingejitangaza chenyewe.

Kuhusu uzito wa huduma hii kuna hesabu moja ambayo sikuona ikizungumzwa vya kutosha. Ruto alitangazwa mshindi tarehe 15 Agosti kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Raila, sawa na asilimia 48.85. Pengo kati yao ni kura 233,211. Ukiligawa pengo hilo kwa vituo 46,229 unapata kura tano kwa kituo. Lakini pengo lililokuwa na maana kisheria lilikuwa dogo zaidi, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ruto aliivuka nusu kwa kura takriban 70,000, yaani kura moja na nusu kwa kila kituo. Lau katika kila kituo kura mbili tu za Ruto zingehesabiwa kimakosa kuwa za mpinzani wake, nchi ingerudi debeni kwa duru ya pili. Katika hali hiyo tarakimu moja isiyosomeka kwenye picha ya kituo cha mbali si dosari ya urembo, na ndiyo sababu mimi hupima tovuti ya namna hii kwa ukali ambao nisingeutumia kwa tovuti ya kulipia leseni.

Sharti hilo la nusu na zaidi ndilo lililovisukuma vyama vya Kenya kuungana kabla ya uchaguzi badala ya kusubiri baada yake. Miungano ya Azimio la Umoja, wa Raila, na Kenya Kwanza, wa Ruto, ni zao la hesabu hizo: hakuna jamii moja wala chama cha eneo moja kinachoweza kufika asilimia 50 peke yake, kwa hiyo viongozi wanakusanya ngome zao mapema na kugawana vyeo vya baadaye, na mwezi Januari 2022 Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa ili muungano uweze kusajiliwa kama chama. Wapiga kura, hata hivyo, hawahamishiki kama viongozi wao wanavyodhani. Uhuru, rais aliyekuwa anaondoka, alimuunga mkono Raila, na fomu za Kiambu, Murang'a, Nyeri na Kirinyaga zinaonyesha mkondo baada ya mkondo kwamba wafuasi wake wa jana walimpa Ruto kura zao kwa wingi mkubwa. Zamani tungeambiwa hivyo na wachambuzi, nasi tungeamini au tungekataa kulingana na upande wetu. Sasa mtu anafungua kijiji kwa kijiji na kusoma.

Sehemu ya fomu inayoeleza mengi kuhusu vyama ni ile ya sahihi za mawakala. Kwa kawaida chama hupimwa kwa mikutano yake ya hadhara, kwa kofia na fulana, kwa msafara wa magari unaoziba barabara. Tovuti ya fomu imeleta kipimo kingine, nacho ni kama chama kina mtu aliyelipwa nauli, akafunzwa, akaapishwa na akakaa macho hadi usiku katika kila moja ya vyumba 46,229. Anayepitia fomu za eneo ambalo si ngome ya mgombea fulani ataona mara moja kama mstari wa wakala wa mgombea huyo una sahihi au ni mtupu. Kisheria, kukosekana kwa sahihi ya wakala peke yake hakubatilishi fomu, na hilo ni jambo la busara kwa sababu vinginevyo chama kinachoshindwa kingewaamuru mawakala wake wakunje mikono, lakini kisiasa mstari mtupu ni ushahidi kwamba chama kinachodai kuwa cha kitaifa hakikuwa na mtu katika kijiji hicho. Naamini viongozi wa vyama wanaijua safu hiyo vizuri kuliko wanavyokiri, na maandalizi ya 2027 yatawalazimu kutumia fedha nyingi zaidi kwa mawakala na kidogo kwa helikopta. Kifo cha Raila mwezi Oktoba 2025 kimeuongeza ugumu huo, kwa kuwa upande mkubwa wa upinzani ulizoea kutegemea mapenzi ya watu kwa mtu mmoja mahali ambapo mfumo wa chama ulikuwa dhaifu.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa. Fomu zilikuwa picha, na picha haijumlishiki. Tume iliamua kwamba haitatoa jumla yoyote ya muda, kwa kuogopa mkasa wa 2017, ikaviachia vyombo vya habari na vyama kujihesabia. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, lakini matokeo yake yaliweza kutabirika. Kila kituo cha televisheni kiliajiri vijana wa kuchapa tarakimu kutoka kwenye picha, kila kimoja kikianza na kaunti tofauti na kwa kasi tofauti, hivyo kwa saa ileile skrini moja ilimwonyesha Ruto akiongoza na nyingine ikamwonyesha Raila, na baada ya siku mbili hivi mahesabu hayo yakapungua kasi na hatimaye yakakwama bila maelezo ya kuridhisha. Ushahidi wote ulikuwa hadharani, na bado taifa zima lilisubiri hadi tarehe 15 kuambiwa, kwa sababu mwenye uwezo wa kusoma karatasi 46,229 ni yule mwenye pesa za kuwalipa watu wazisome. Ni sawa na mwenye duka kukumwagia risiti zote za mwezi mezani, kwa uaminifu kabisa, kisha akakataa kukuazima kikokotoo. Kikundi cha waangalizi wa ndani, ELOG, kilitumia sampuli ya vituo na kupata makadirio yaliyokaribiana sana na matokeo rasmi, jambo linaloonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana ikiwa imepangwa. Ila mpiga kura mmoja mmoja hana sampuli wala waangalizi.

Ombwe hilo lilijazwa na maneno. Muda mfupi kabla ya tangazo la Bomas, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na siku iliyofuata wakaeleza kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 ya ziada ni sawa na kura zipatazo 142,000. Mtu yeyote aliyefika darasa la nane angeweza kuipima hoja hiyo: asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420, na ziada yenyewe ilitokana na kukadiria desimali mbili. Hata hivyo hoja hiyo ilisambaa nchini kwa siku kadhaa, ikakolezwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa palikosekana mahali pamoja rasmi ambapo mwananchi angebofya na kuiona jumla ikijengeka kutoka kwenye fomu. Mimi naihesabu hiyo kuwa hasara ya muundo wa huduma.

Mahakamani, kinyume chake, huduma hii ilifanya kazi yake kikamilifu. Malalamiko makubwa ya waliofungua kesi mwaka 2022 yalikuwa kwamba fomu zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kupandishwa kwenye tovuti. Kwa kuwa kila fomu ilikuwepo katika sura tatu, asili iliyoletwa Bomas, nakala walizopewa mawakala na picha iliyokuwa mtandaoni, dai hilo lilikuwa jepesi kupimwa. Msajili wa mahakama alizilinganisha, yakafunguliwa na masanduku ya vituo 15, vikiwemo vya Jomvu na Mvita hapa Mombasa na vingine vya Tinderet na Belgut, na hakuna tofauti ya maana iliyopatikana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba chini ya Jaji Mkuu Martha Koome waliuidhinisha ushindi wa Ruto. Walikosoa pia: walisema mwenyekiti wa tume hawezi kujitwalia peke yake kazi ya kuhakiki na kujumlisha kura, na wakapendekeza kwamba wakati wa uchaguzi seva zinazobeba fomu ziguswe na wafanyakazi wa tume pekee. Waliochukizwa na hukumu hiyo ni wengi na wana haki ya kuchukizwa, lakini ukilinganisha na 2017, safari hii majaji hawakuhitaji kuombwa waamini chochote kilichofichwa ndani ya mashine.

Ukitaka kujua thamani ya kitu hiki, kiulizie kwa jirani. Nchini Kongo, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza mshindi bila kuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo. Kanisa Katoliki, lililokuwa limesambaza waangalizi wapatao 40,000, lilisema takwimu zilizotangazwa hazilingani na walizokusanya, na mabishano hayo hayakuwa na njia ya kumalizika kwa sababu karatasi hazikuonekana. Watu wa Beni na Butembo, wasemaji wenzetu wa Kiswahili, hata kupiga kura hawakupiga siku hiyo. Zamu yao iliahirishwa hadi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Tanzania ina ukuta wa aina yake: Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema tume ikishamtangaza mtu kuwa rais hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake, na ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, bado ipo. Mahali penye ibara kama hiyo hata tovuti nzuri kuliko zote ingebaki kuwa maonyesho, kwa kuwa mwenye fomu hana pa kuzipeleka. Nigeria ilijenga tovuti inayofanana na ya Kenya, iitwayo IReV, na kuwaahidi wapiga kura kwamba wataona fomu siku ileile. Tarehe 25 Februari 2023 fomu za ubunge na useneta zilipanda na za urais zikachelewa, mshindi akatangazwa nyingi zikiwa bado, na baadaye mahakama ya juu ya huko ikasema kwamba kutopanda kwa fomu si sababu ya kufuta uchaguzi. Kwa hiyo teknolojia ni ileile. Tofauti iko kwenye sheria inayoilinda na kwenye woga wa tume kufutiwa kazi yake na majaji, woga ambao tume ya Kenya iliupata kwa gharama kubwa mwaka 2017.

Huduma ilihusu urais peke yake, na hili linatuuma zaidi sisi wa Mombasa na ndugu zetu wa Kakamega, ambao uchaguzi wetu wa ugavana uliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti baada ya kugundulika kwamba karatasi za kura zilichanganywa. Kaunti hupokea mabilioni kila mwaka, gavana ndiye anayemgusa mwananchi kwa hospitali na kwa taka za barabarani, lakini fomu za ugavana, za useneta, za ubunge na za wawakilishi wadi hazikuwekwa kwenye tovuti kwa namna ile. Vita vikali vya vyama vya Kenya hupiganwa katika ngazi hizo, kuanzia mchujo wa chama hadi kituo cha kujumlishia cha eneo bunge, na giza ni nene zaidi huko.

Lugha nayo ilikuwa Kiingereza kitupu, ya tovuti na ya fomu, katika nchi ambayo Katiba yake, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa jedwali la majina manne na tarakimu tatizo hilo halionekani kubwa. Linaonekana ukifika kwenye sehemu ya kura zilizokataliwa na zile zenye mgogoro, ambako wakala wa kijijini anatia sahihi chini ya istilahi za kisheria ambazo huenda hakuzielewa, kisha sahihi hiyo inakuja kusomwa mahakamani kama ridhaa yake.

Mtandao wa simu sikuuona kuwa kikwazo kikubwa safari hii. Vituo visivyo na 3G vilikuwa vimepungua hadi elfu moja na ushei, navyo vilipewa modemu za setilaiti.

Je, tume ifanye nini kabla ya 2027? Kwanza, iweke kando ya kila picha tarakimu zilizochapwa na makarani wawili tofauti, kila mmoja bila kuona kazi ya mwenzake, na pale zinapotofautiana zioneshwe kuwa zinatofautiana. Jumla itakayotokana na hapo iandikwe wazi kwamba si rasmi mpaka fomu za asili zihakikiwe. Kisha faili zima la tarakimu hizo lipakuliwe bure katika jedwali, ili mwalimu wa hesabu wa Voi au mwanafunzi wa Eldoret aweze kufanya alichofanya mwenye televisheni kwa mamilioni ya shilingi. Anayehofia kwamba jumla ya muda itazua fujo akumbuke kwamba 2022 jumla za muda zilikuwepo tele, ila zilikuwa za watu binafsi na zilipingana.

Jingine ni dogo kwa ukubwa lakini silipuuzi, nalo ni kuhusu mawakala. Ile safu yao haina jina na sahihi pekee; ina namba ya kitambulisho na namba ya simu, na picha zilipopandishwa, maelezo hayo ya maelfu kwa maelfu ya vijana yaliwekwa wazi kwa dunia nzima, yakionyesha pia kila mmoja alikuwa wa chama gani na kijiji gani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na ina kumbukumbu za miaka ambayo kujulikana upande wako kulitosha kukufukuzisha nyumbani kwako. Safu hizo mbili zizibwe katika nakala inayoonyeshwa kwa umma, majina na sahihi zibaki, na karatasi kamili ihifadhiwe kwa ajili ya msajili wa mahakama atakapoihitaji.